Mshuko wa Kwanza ni wa Fundi

Vijana wa ateliye, karakana yetu ya mbao, wameniomba niandike kidogo juu ya miaka yangu ya kazi kabla sijasahau, au kabla sijaanza kuongeza chumvi zaidi ya ninavyoongeza sasa. Nimekubali kwa sababu magoti yameniachisha kazi na mikono bado inatafuta cha kushika. Anayetaka kujua nilipandishwa cheo lini atafute kwingine. Katika ateliye ya chukudu vyeo ni viwili tu: anayechonga, na anayeshika ubao usitikisike.

Kwa wale watakaosoma haya wakiwa mbali na vilima vya Masisi, chukudu ndiyo gari letu. Ina magurudumu mawili ya mti, usukani mpana kama pembe za ng'ombe, na ubao mrefu wa kubebea magunia. Haina injini. Kushuka inashuka yenyewe, kupanda inasukumwa. Maharagwe, viazi, makaa na fromaji, yaani jibini ya huku kwetu, vimeshuka mpaka miji ya Sake na Goma juu ya mbao hizo. Nimeishi miaka yangu yote ya kazi nikitaka watu wa huku waendelee kununua gari linalochongwa hapa, ingawa dunia nzima inawaletea magari yake mpaka mlangoni. Mwishoni jambo hilo lilikuja kijijini kwetu Karuba, likasimama mbele ya ateliye yetu, na nusura binti yangu Neema abaki bila kazi. Nitafika huko. Tuanze na ukungu.

Siku ya kwanza nilifika kwa Papa Hangi asubuhi, ukungu umelala juu ya malisho. Papa Hangi alikuwa fundi wa chukudu pale Karuba, mtu mfupi mwenye kofia ya sufu ambayo sikuwahi kuona kilichokuwa chini yake. Nilidhani atanipa patasi. Akanituma nikakae ukingoni mwa barabara, mteremko unapoanza.

"Nifanye nini, Papa?"

"Usikilize magurudumu. Ukisikia moja iko inalia, kuya uniambiye inalia wapi."

Nikakaa. Katika ukungu wa Karuba mtu humwoni mpaka akufikie, lakini gurudumu la mti unalisikia likiwa bado mbali sana. Chukudu zilikuja moja moja, zikapita na magunia yao na watu wao wamesimama juu, zikazama tena katika weupe. Baada ya muda sikujua kama ni wao wanaoshuka au ni mimi ninayepanda. Nilikuwa mtu wa namna hiyo tangu utoto, macho wazi na roho imekwenda kutembea. Papa Hangi akaja akanikuta hivyo.

"Bauma, uko unasikiliza ao uko unalota?"

"Vyote viwili, Papa."

"Basi lota pole pole, usipoteze sauti."

Hakunifukuza. Mpaka leo sijui kwa nini, maana ateliye haikuwa na haja ya mtu anayeota. Lakini kabla ya jua kupanda nilimwambia kwamba chukudu moja imelia upande wa nyuma, kushoto, na mwenyewe alipoegesha tukakuta msumari umelegea pale pale. Tangu siku hiyo nikaitwa Papa Ndoto, na jina limenikalia vizuri kuliko koti lolote.

Nieleze vyombo, kwa ajili ya ninyi mnaoanza. Mwili wa chukudu ni mkaratusi, ukatwe mapema na uachwe kivulini mpaka uache kulia ukiupiga kwa kidole. Tezo iwe kali, panga liwe na mpini mfupi. Gurudumu linavishwa raba iliyokatwa kwenye tairi kuukuu la lori. Katikati ya gurudumu tunaweka rulema, ile pete ya chuma yenye vidonge vinavyozunguka, tuliyoing'oa kwenye gari lililokufa. Mafuta ya kulainisha ni ya mawese. Freni ni kipande cha raba juu ya gurudumu la nyuma, unakikanyaga kwa kisigino. Anayecheka freni hiyo mpelekeni mteremkoni, atarudi na heshima.

Kazi niliyoipenda kuliko zote ni kukata raba. Tairi zilikuwa na maandishi ya nchi nisizozijua. Nilikuwa naingiza kisu huku nawaza barabara zilizopitiwa na tairi hilo, miji yenye taa, daraja juu ya maji mapana, dereva anayekula mkate mkono mmoja. Kisha nawaza limekuja kufia Karuba ili lifufuke chini ya gunia la maharagwe. Siku moja nikamuuliza Papa Hangi lililokuwa linanisumbua.

"Papa, tairi iko ya kwao, rulema iko ya kwao. Sasa iyi chukudu, kweli iko yetu?"

Akaendelea kuchonga. Nilifikiri hakunisikia.

"Mwenye alifanya ile tairi," akasema baadaye, "hatamuona mwenye atapanda juu yake. Mi nitamuona siku ya yenga, ku kanisa. Atanikalia pembeni."

Yenga ni Jumapili. Nililipokea jibu hilo kama mzaha, mpaka aliponionyesha sheria ya ateliye. Kila chukudu mpya, kabla haijauzwa, inapakiwa mzigo ule ule ambao mnunuzi atabeba. Fundi aliyeichonga anapanda juu yake na kushuka nayo mlima wote, mnunuzi akimsubiri chini. Mshuko wa kwanza ni wa fundi. Chukudu ambayo fundi wake hakushuka nayo haiuzwi, inapasuliwa kuni siku hiyo hiyo. Papa Hangi alikuwa na kidole kimoja kilichopinda na mwendo wa kuchechemea kidogo, na aliviita vyote viwili shule.

Mshuko wangu wa kwanza nauota bado. Magunia mbele yangu, kisigino juu ya raba, upepo unaingia masikioni. Pale kwenye kona ya pili barabara inainama ghafla na tumbo linabaki juu wakati wewe umeshashuka. Niliogopa kwa jinsi ambayo sijaogopa tena. Halafu mkaratusi chini ya miguu yangu ukaanza kuimba, sauti moja, chini, sawasawa, na woga wote ukatoka. Niliona ng'ombe wakiinua vichwa katika ukungu. Nilipofika chini mnunuzi alikuwa amekaa juu ya jiwe, anakula hindi la kuchoma, akanitazama kana kwamba nilichelewa.

Kesi ngumu zilikuwa nyingi, nitasimulia ile ya Buleusa. Kutoka kijiji hicho cha Walikale alikuja mtu mmoja, Papa Eliya, mkulima wa porini na shemasi wa kanisa lake. Alitaka chukudu, na alileta ubao wake mwenyewe, mti mwekundu wa pori, mzito hata watu wawili waliubeba wakiguna. Alisema aliukata baada ya kuomba mara mbili, mara ya kwanza kanisani, mara ya pili kwa wenye pori, ili kusiwe na anayelalamika. Tukamchongea. Ilipokwisha haikuweza kusukumwa na mtu wa kawaida, na tezo zetu zilikuwa zimekwisha makali. Nikashuka nayo kwa sheria. Niseme kweli, yenyewe ndiyo ilishuka na mimi, na ilisimama pale ilipotaka.

Papa Eliya hakukasirika. Akashika gurudumu, akalizungusha.

"Mwili wa kwetu iko muzito," akasema. "Lakini angalia mapiki. Haina hata alama."

Mapiki ni magurudumu. Kweli, yale mekundu yalifika chini kama yalivyotoka mkononi mwangu, wakati ya mkaratusi hupasuka kabla ya mwaka. Basi tukachanganya, mwili mwepesi wa Masisi na magurudumu magumu ya Walikale. Kwa miaka mingi Papa Eliya alituletea vipande kwa lori la ndizi, pamoja na mawese. Barabara ilipofungwa, kwa sababu mnazozijua bila mimi kuziandika, magurudumu yetu yalirudi kupasuka. Tulikimbia milio ya bunduki, tukarudi, tukakuta ateliye imekaliwa na mbuzi. Papa Hangi alizeeka katika kukimbia huko, akafa akiwa nyumbani, kitandani mwake, jambo ambalo mwenyewe aliliona kuwa bahati kubwa. Kofia yake alizikwa nayo.

Neema alikua kati ya vumbi la mbao. Hakuna aliyemwambia ashike tezo na hakuna aliyethubutu kumwambia aiache. Wakati magoti yangu yalipoanza kukataa ngazi ya kanisa, ateliye ilikuwa tayari mkononi mwake, na mafundi wanne walikuwa wanakula kwa kazi hiyo.

Wakati huo ndipo zilipoanza kuja moto, yaani pikipiki, za magurudumu matatu. Zilitoka ng'ambo ya bahari ndani ya masanduku, zinaunganishwa Goma, zina kitanda cha chuma nyuma cha kubebea mizigo. Akina mama wa Karuba wanaouza maharagwe na fromaji wana ushirika wao, na ushirika huo ndio ulikuwa mnunuzi wetu mkubwa. Kiongozi wao ni Mama Sifa, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuita ng'ombe wa kilima cha pili. Tukasikia kwamba wanataka kuacha chukudu na kununua moto. Nikajipangusa, nikaenda kusema nao baada ya ibada.

Nilisema vizuri, nilikuwa nimejizoeza. Nikawaambia mkinunua kilichotengenezwa hapa, kazi inabaki hapa, mtoto wa jirani anakula, na chombo kikiharibika fundi yuko hatua chache. Baadhi walitikisa kichwa kukubali. Mama Sifa akanisubiri nimalize.

"Papa Bauma, maneno yako iko muzuri sana. Sasa uniambiye: chukudu yako, moteri yake njo nani?"

Moteri ni injini, na njo ni ndiyo. Akajijibu mwenyewe.

"Njo bwana yangu. Kifua yake njo moteri. Anasukumaka ile kitu mpaka kule juu, akifika ku nyumba hawezi hata kuinua kikombe. Weye unauzisha ya hapa, ni sawa. Lakini na mugongo yenye inavunjika, nayo iko ya hapa."

Nilikasirika, halafu nikaona haya, halafu nikakasirika tena kwa sababu alikuwa na haki. Njiani kurudi Neema, aliyesikia yote, alinishika mkono kwenye matope.

"Haujibu kitu, Papa?"

"Nijibu nini?"

"Iko na haki, Mama Sifa."

"Najua! Njo inaniuma."

Siku ambayo muuzaji alileta moto yake ionekane, Karuba yote ilikuwa barabarani. Ilikuwa nyekundu, inang'aa, na muuzaji alikuwa kijana mwenye adabu na viatu safi, ambavyo havikubaki safi muda mrefu. Mafundi wetu wanne walisimama mlangoni mwa ateliye. Walijua ushirika ukiondoka, tezo zitatundikwa. Mama Sifa akaizunguka moto mara mbili.

"Mwenye aliitengeneza iko wapi?"

"Oh, Mama, iko mbali sana! Kuvuka bahari."

"Sasa nani atashuka nayo ya kwanza?"

Kijana akacheka, akidhani ni utani wa wenyeji. "Mi niko muuzaji tu, Mama. Lakini usiogope, iko na garanti. Ikiharibika, tunaitengeneza."

"Ile garanti inajuaka kushuka mulima?"

Watu wakacheka mpaka mbuzi wakakimbia. Lakini Mama Sifa hakucheka. Hapa kwetu gari ambalo halina aliyeshuka nalo kwanza halibebi maharagwe ya mtu, hata liwe la rangi gani. Kijana akatazama mteremko, akatazama viatu vyake. Neema akafungua aproni yake na kunipa.

"Mi nitashuka."

Alijua kuendesha moto, kila mtu wa umri wake anajua. Kwanza akaipeleka chini tupu, ikapakiwa magunia, akapanda nayo. Ilipanda ikinguruma bila kuchoka, magunia yote juu yake, ikapita pale ambapo wasukumaji hupumzika, ikafika. Mume wa Mama Sifa alikuwa kando yangu, mkono juu ya kifua chake. Alikuwa anatabasamu kama mtu anayeota kwamba ameweka chini mzigo. Nilipouona uso ule nikajua tumekwisha, na sikuweza hata kumchukia.

Kisha Neema akageuza, akaanza kushuka. Ukungu ulikuwa umepanda kutoka bondeni ukammeza kabla ya kona ya kwanza. Nikafanya nilichofundishwa siku yangu ya kwanza. Nilikaa ukingoni, nikasikiliza. Kona ya kwanza, vizuri. Katikati, vizuri. Kwenye kona ya pili freni zikaanza kulia, nyembamba, zikapanda sauti, zikapanda tena. Halafu zikanyamaza, nikasikia moto ikiteremka bila kushikwa, haraka, haraka zaidi. Halafu kishindo laini. Halafu hakuna kitu.

Nilishuka mlima ule kwa magoti haya. Sikumbuki nilivyoshuka. Nakumbuka tu kwamba nilikuwa nasema jina lake kwa kila hatua.

Alikuwa amekaa juu ya gunia. Moto ilikuwa imeingiza pua katika ukingo wa udongo laini, pale ambapo sisi wa chukudu tunafundishwa kutupia gari likikataa kusimama. Harufu ya freni zilizoungua ilijaa hewani. Nikamshika mikono yote miwili, na hapo ndipo mimi nikaanza kulia, mtu mzima, mbele ya ng'ombe.

"Niko muzima, Papa. Acha."

Nikafuta uso. Juu walikuwa wanangoja. Neno moja tu kutoka kwake, kwamba kitu hiki kinaua, na muuzaji angerudi Goma na moto yake, na ateliye ingepona.

"Utawaambia nini?"

"Nitawaambia ngisi ilikuwa," akasema. Maana yake, kama ilivyokuwa.

Akapanda, akasimama mbele ya Mama Sifa akiwa na udongo mpaka mabegani.

"Kupanda, Mama, inapita yetu. Inapita mbali, siwezi kukudanganya. Kushuka na muzigo, kwa huu mulima, freni zinachoka. Usimupatie muntu wako ashuke nayo ikijaa."

Mafundi wetu wanne wakaangalia chini. Muuzaji naye akaangalia chini. Nilihisi fahari na hofu kwa pamoja, na sikujua ipi niifuate. Watu wakaanza kubishana, wengine moto, wengine chukudu, mpaka mume wa Mama Sifa, ambaye huwa hasemi mikutanoni, akakohoa.

"Muifunge kamba," akasema.

"Kamba gani?"

"Sisi tunashikaka malori nyuma, ili tusisukume. Dreva anatutukana, tunashika tu. Sasa iyi yetu wenyewe haitatutukana. Inapanda, inavuta chukudu. Kushuka, kila muntu na chukudu yake."

Mama Sifa akamtazama mume wake kana kwamba ndiyo kwanza ameolewa naye.

Ushirika ulinunua moto moja. Muuzaji aliondoka amefurahi na hajaelewa mpaka leo kilichotokea. Neema aliifungia nyuma pete za chuma za kushikia kamba, akaiwekea raba ya kukanyaga kwa kisigino juu ya freni zake za ng'ambo, akashuka nayo tena, polepole, na safari hii ilimtii. Sasa asubuhi mapema, mkipita Karuba, mtaiona ikitoka katika ukungu, na nyuma yake chukudu nne au tano kwenye kamba zinafuata kama ndama, watu wamesimama juu yake mikono mfukoni. Mafundi wawili walituacha wakaenda kuendesha moto mjini Masisi. Siwalaumu. Wawili walibaki, na Neema.

Msimu huu niliamua kuchonga chukudu yangu ya mwisho, ya mume wa Mama Sifa. Nilikuwa nimeficha juu ya dari vipande viwili vya mti mwekundu wa Papa Eliya, vya mwisho tulivyopokea kabla hajafa. Nilichonga polepole, siku nyingine nikikaa na gurudumu mapajani bila kufanya lolote, nikilisikiliza tu. Ilipokwisha, Neema akaikagua kila msumari.

"Iko muzuri. Sasa ushuke."

"Neema, magoti."

"Sheria njo sheria. Kama haushuke, naipasua." Alikuwa anacheka, lakini shoka lilikuwa mkononi kweli.

Kisha akatupa gunia moja mbele, na mahali pa gunia la pili akatandika blanketi.

"Kaa. Uzito yako inatosha."

Hivyo nikashuka mlima wa Karuba kama mzigo, mgongo wangu kwenye gunia la maharagwe, uso ukitazama tulikotoka, na binti yangu amesimama miguuni pangu, kisigino kwenye raba. Juu yetu hakukuwa na mbingu, ukungu tu. Kwenye kona ya pili tumbo likabaki juu, kama siku ile. Nikaweka sikio kwenye mbao. Ulikuwa unaimba, mkaratusi wa hapa juu ya mti wa Buleusa juu ya raba ya nchi nisiyoijua, sauti moja, chini, sawasawa, na kwa muda nilikuwa kijana na Papa Hangi alikuwa anatungoja.

Chini walikuwepo Mama Sifa na mume wake. Mama Sifa akaweka kiganja juu ya gurudumu kupima joto lake.

"Nani alishuka nayo?"

"Mimi," nikasema.

"Na mimi," akasema Neema.

Hakuuliza kingine. Mume wake akanisaidia kusimama, akapanda juu ya chukudu yake mpya, moto ya ushirika ikaja na dereva wake, kamba ikafungwa. Mimi na Neema tukakaa katika kitanda cha chuma, tukitazama nyuma. Tulipanda bila mtu yeyote kusukuma. Mwanamume yule alikuwa amesimama nyuma yetu katika weupe, anapumua kwa raha, na mimi nikafumba macho.

"Papa," Neema akaniuliza sikioni, "uko unasikiliza ao uko unalota?"

Nikamwambia vyote viwili. Hakuna gurudumu lililokuwa linalia.